Visahani vya Damu

Mwaka 2019 homa ya dengi iliingia Dar es Salaam, ikapiga hodi hadi chumbani kwetu. Mama alilala siku mbili, viungo vinamuuma, macho mekundu. "Baba, hebu nitafutie aspirini hapo dukani," akaniambia. Mimi huyo, mbio. Nikanunua vidonge sita, nikampa viwili usiku na viwili asubuhi. Jioni yake fizi zikaanza kutoka damu.

Hospitali wakampima. Kwenye karatasi ya maabara daktari alizungushia wino mstari mmoja tu: chembe sahani, 38,000. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika milimita moja ya ujazo ya damu. "Nani kampa aspirini?" muuguzi akauliza. Ndugu msomaji, nilitazama sakafu.

Mimi nimeishia kidato cha nne, na Baiolojia ilinipiga chenga. Chembe nyekundu nilizikumbuka, nyeupe pia. Hizi sahani nilikuwa nimezipita hivi hivi. Basi, siku mama alipopata nafuu kidogo, nikaenda Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, nikaiacha riwaya yangu sura ya tatu, nikaanza kulisoma kosa langu.

Kumbe hata mabingwa walizipita! Chembe nyekundu zilionekana kwa hadubini tangu karne ya 17, lakini hizi zilisubiri miaka 200. Ni ndogo mno, na zina tabia moja ya ajabu: ukishaitoa damu mwilini zinanatana upesi na kuwa bonge lisilo na sura. Mjerumani Max Schultze alizieleza mwaka 1865. William Osler, kijana wa Kanada aliyekuwa London, miaka ya 1873 na 1874 aliziona ndani ya mshipa wa panya zikiwa moja moja, halafu nje ya mshipa zikiwa zimeshikana. Wengine hawakushtuka. Wapo waliodhani ni vipande vya chembe nyeupe zilizovunjika, yaani takataka. Mfaransa Georges Hayem yeye alisema ni chembe nyekundu changa ambazo hazijakomaa.

Hapo ndipo anaingia mtu wangu, Giulio Bizzozero wa Turin, Italia. Jamaa huyu alikuwa bado kwenye miaka ya ishirini alipopewa uprofesa. Yeye hakutosheka na tone lililokauka juu ya kioo. Alichukua sungura na simbilisi waliotiwa usingizi, akautandaza chini ya hadubini ule utando mwembamba unaoshikilia utumbo, akaitazama damu ikiwa bado inatembea ndani ya mishipa. Akaviona visahani vidogo, bapa, visivyo na rangi, vinapita zao kimya. Halafu akaujeruhi mshipa. Vikaanza kunata pale pale penye jeraha, kimoja, viwili, kumi, mpaka vikafanya kizibo. Saa nyingine mkondo wa damu uling'oa kipande na kuondoka nacho, na vingine vikaja kujaza pengo. Aliyaandika hayo mwaka 1881 na 1882, akaviita kwa Kitaliano piastrine, yaani vibamba vidogo. Nakiri sehemu hii niliisoma mara tatu. Mtu mmoja kaona kwa macho yake jinsi mwili unavyojiziba.

Zinatoka wapi? Mwaka 1906 James Homer Wright wa Boston alionyesha kuwa humeguka kutoka seli kubwa mno zilizo ndani ya uboho wa mifupa. Kwa hiyo kweli ni vipande, ila si takataka. Mwili hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kila siku, na kila kimoja huishi siku nane hadi kumi hivi. Mshipa ukiwa mzima vinateleza tu. Ukichanika, nyuzi za chini ya ngozi yake ya ndani hujitokeza, visahani vinashika, vinabadili umbo na kuota kama miguu, kisha vinamwaga kemikali za kuwaita wenzao.

Mwaka 1910 William Duke, naye wa Boston, aliandika habari za wagonjwa waliokuwa wakivuja damu bila kukoma kwa sababu visahani vyao vilikuwa vimepungua sana. Walipoongezewa damu ya mtu mwingine, visahani vilipanda, damu ikakata. Baada ya siku chache vikashuka tena, maana maisha yake ni hayo hayo mafupi. Duke pia alikuwa akitoboa ndele ya sikio na kufuta tone kwa karatasi kila nusu dakika, ahesabu damu inachukua muda gani kukatika.

Na aspirini? Daktari mmoja wa California, Lawrence Craven, aliona wagonjwa waliokatwa mafindofindo wakivuja damu nyingi baada ya kutafuna ubani wenye aspirini. Akageuza hesabu: kama inazuia kuganda, si itawafaa wale ambao damu huwagandia ndani ya mishipa ya moyo? Maana kizibo kile kile kinachookoa kidole kikijitengeneza moyoni kinaua. Wachache walimsikiliza. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alieleza dawa inavyofanya kazi: inazuia mwili kutengeneza baadhi ya kemikali, na mojawapo ni ile ya kuitana. Kisahani hakina kiini, hakiwezi kujitengenezea upya kilichoharibiwa, hivyo hubaki bubu mpaka kufa.

Sasa nilielewa. Dengi ilikuwa imepunguza visahani vya mama, uboho umezubaa na vingine vikiharibiwa njiani. Vile vilivyobaki, mimi nikaviziba mdomo kwa vidonge vinne.

Siku ya nane karatasi ilisema 112,000. Fizi zilikuwa zimekauka. Mama hakunilaumu, aliniuliza tu kama nimekula. Vidonge viwili vilivyobaki nilivitupa chooni kabla hajarudi nyumbani.