Habari za Maradhi Yakaayo Mwilini, na Njia ya Kuyazuia

Katika kitabu cha Yubile ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na kuwataja wazee waliotangulia. Mambo hayo ni mema. Lakini afya ya watu nayo ina historia yake, na inafaa kukumbukwa. Hapa Kikwe, na Usa River, na Tengeru, na mahali pote chini ya Mlima Meru, si ajabu tena kumkuta mtu anywaye vidonge vya presha au vya kisukari kila siku. Je, maradhi haya yametoka wapi, nasi tutayazuiaje?

Wamisionari wa Leipzig walipoanza kukaa Nkoaranga mwaka wa 1902, maradhi yaliyowatesa watu yalikuwa ya namna nyingine: homa ya malaria, ndui, kuhara na vidonda. Maradhi hayo huja kwa nguvu, na baada ya siku chache mtu hupona au hufa. Lakini presha na kisukari huingia kimya, hukaa miaka mingi bila maumivu, kisha huharibu figo, na macho, na moyo, au humwangusha mtu kwa kiharusi.

Wako wasemao ya kuwa maradhi haya yalikuwako tangu zamani, ila vipimo tu havikuwako. Lakini vipimo vilikuwako. Mwaka wa 1929 daktari mmoja, jina lake Donnison, alichapisha habari za watu 1,000 aliowapima msukumo wa damu katika Kavirondo ya Kusini, nchi ya Kenya. Aliona ya kuwa damu yao haikupanda kwa kadiri umri ulivyozidi, kama ilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Mwaka uo huo daktari Hugh Trowell alifika Kenya, na baadaye akafanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka wa 1956 yeye na mwenzake walichapisha habari za Mwafrika mmoja tu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, maana jambo hilo lilikuwa geni hata likastahili kuandikwa. Trowell akakusanya mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1960. Kisha akawa kasisi wa Kianglikana, wala hakuacha uchunguzi wake. Yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji huko Mulago, wakawafundisha watu wa Ulaya na Marekani faida ya nafaka isiyokobolewa, na maharage, na mboga, yaani chakula chenye makapi yake.

Katika nchi yetu daktari George Mann aliwapima Wamasai wanaume 400, akatoa habari zao mwaka wa 1964. Watu hawa walikunywa maziwa mengi na kula nyama, lakini mafuta katika damu yao yalikuwa machache, wala ugonjwa wa moyo karibu haukuonekana. Wengi wakafurahi, wakisema, “Basi mafuta hayana neno.” Lakini mwaka wa 1972 Mann na wenzake walitoa habari za maiti 50 walizozichunguza, nao walikuta mafuta yamejijenga katika kuta za mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na damu ilipata njia. Mann alidhani sababu yake ni mwendo wa miguu wa kila siku nyuma ya ng’ombe. Kadhalika Wamasai hutia magome na mizizi katika supu, kama ule mti waitao olkiloriti. Huenda magome hayo yana faida, lakini neno hilo halijathibitishwa kwa watu kama lilivyothibitishwa neno la kutembea.

Sasa tazama mabadiliko. Mwaka wa 1989 daktari McLarty na wenzake walitoa habari za vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari walikuwa chini ya mtu 1 katika kila 100. Mwaka wa 2012 serikali iliwapima watu wa nchi nzima, wenye umri wa miaka 25 hata 64, ikaona kisukari kwa watu kama 9 katika kila 100, na presha kwa watu kama 26. Hesabu hizi mbili hazikufanywa kwa njia moja, wala hazikuwa za watu wa umri mmoja, kwa hiyo haifai kuzilinganisha kama vipimo vya mzani mmoja. Hata hivyo njia inaonekana wazi. Na sababu yake ilionekana Kenya mwaka wa 1990, ilipochapishwa habari ya Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi: presha yao ilipanda muda mfupi baada ya kufika mjini, na chumvi miilini mwao ilizidi. Hawakubadili damu ya ukoo wao. Walibadili chakula na maisha.

Hapo ndipo tulipofika sisi. Babu zetu walikula ndizi, na makande, na loshoro, wakapanda na kushuka mlima kwa miguu. Leo sembe imekobolewa hata kuwa nyeupe, soda iko kila duka, na bodaboda humchukua mtu hata mahali pa karibu.

Haifai kupita bila kutaja mambo ya Loliondo. Mwaka wa 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, aliwapa watu dawa ya mizizi ya mti katika kijiji cha Samunge, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba kinaponya kisukari, na presha, na pumu, na saratani, na ukimwi. Watu maelfu kwa maelfu walikwenda, na magari yao mengi yalipita Arusha. Wengine walikufa wakingoja zamu, na wengine waliacha dawa zao za hospitali wakaumia. Mzee huyo alifariki mwezi wa Julai mwaka wa 2021. Simhukumu marehemu. Lakini ule msafara ulituonyesha wingi wa wagonjwa waliochoka na vidonge vya kila siku, na jinsi walivyotamani kikombe kimoja kiyamalize yote. Maradhi yaliyojengwa kwa miaka ishirini hayaondoki kwa kikombe kimoja, kiwe cha mganga au cha daktari.

Wala miti ya wazee si ya kudharauliwa. Chuo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka wa 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilitungwa mwaka wa 2002. Basi mgonjwa anayetumia mizizi au majani na amwambie daktari wake waziwazi, maana dawa mbili zaweza kupigana mwilini. Wala asiache vidonge vyake kwa shauri la jirani.

Kwa hiyo nawasihi wazazi na walimu. Chumvi ya mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Dona, na maharage, na mchicha virudi mezani. Soda isiwe kinywaji cha kila siku. Tumbaku iachwe kabisa, na pombe ni heri kuiacha. Tembeeni kwa haraka nusu saa, siku tano za juma. Na alimaye shamba kwa jembe amekwisha kutimiza sehemu yake. Katika sikukuu zetu, pale tunapopanga pilau na nyama, tupange pia meza ya kupima presha na sukari, na muuguzi wa zahanati aalikwe mapema. Mwenye umri wa miaka arobaini asingoje kuumwa ndipo apimwe. Wahenga walisema, “Usipoziba ufa utajenga ukuta”. Na ufa wa maradhi haya huanza kuonekana kwenye kipimo kabla mwenyewe hajasikia maumivu yo yote.