Meno ya watu wa Eulau



Katika mazungumzo yetu swali moja hurudi kila mara: nani ni mwenyeji na nani ni mgeni? Leo tutalitazama mbali na kwetu, kwa watu waliokufa miaka 4600 iliyopita. Huko hakuna aliye na shamba la kudai wala ndugu wa kutetea.

Mwaka 2005, karibu na Eulau nchini Ujerumani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta makaburi manne yenye watu 13, wakubwa na watoto. Wote walizikwa kwa wakati mmoja. Mwanamke mmoja alikuwa na ncha ya mshale wa jiwe ndani ya uti wa mgongo. Mwingine alivunjwa fuvu, na mikono ya baadhi yao ilikuwa na majeraha ya mtu anayejikinga. Mnaonisikiliza mmekwisha kuelewa: watu hawa walishambuliwa.

Wataalamu wakataka kujua kila mmoja alikulia wapi. Wakapima meno. Na hili si uchawi, wazee wangu. Ndani ya mawe mna kitu kinachoitwa strontiamu. Mawe yanasagika na kuwa udongo, mmea unanyonya udongo, mbuzi anakula mmea, mtoto anakunywa maziwa na maji ya kisima. Hivyo strontiamu kidogo inaingia katika meno yake wakati yanapojengwa, kwa maana inafanana na kalisiamu inayojenga mifupa. Tena iko ya aina kadhaa zenye uzito mbalimbali. Aina hizo huitwa isotopi. Wataalamu hulinganisha ile ya 87 na ile ya 86. Mawe ya kale sana, kama granite, kwa kawaida yana ile ya 87 kwa wingi zaidi. Mawe machanga ya volkano, kama yale meusi tunayokanyaga Goma, yana kidogo.

Mfupa hujijenga upya maisha yote. Lakini ile ngozi ngumu ya jino ikiisha kukomaa haibadiliki tena. Gego la kwanza hutunza habari za miaka mitatu hivi ya mwanzo, na gego la mwisho habari za miaka inayokaribia ujana. Mtu akikimbia vita akiwa na miaka 30, akaishi ugenini hadi uzee, jino lake litabaki na hesabu ya mahali alipokulia.

Majibu ya Eulau yalitangazwa mwaka 2008. Wanaume na watoto walikuwa na hesabu ya udongo wa pale. Wanawake walikuwa na hesabu nyingine: walikulia mahali pengine, wakaja, yaelekea kwa ndoa. Vipimo vya damu ya ukoo, vile vya ADN, vilionyesha kwamba katika kaburi moja walilala baba, mama na watoto wao wawili wa kiume. Katika kaburi jingine mwanamke alizikwa pamoja na watoto wa tumbo moja ambao hakuwazaa. Labda alikuwa mke wa baba yao, labda shangazi yao.

Hapa nataka tukawie kidogo. Kwa hesabu ya meno, mama hao walikuwa wageni. Aliyerusha mshale hakujali hilo. Na waliokuja kuzika, ambao bila shaka walizijua jamaa hizo vizuri, hawakuwatenga mama hao kando. Waliwalaza na watoto, wengine wakitazamana uso kwa uso.

Najua kiongozi mmoja atasema: basi tupime meno yetu, mashauri ya ardhi yaishe! Hapana, mzee. Jino halijui kabila wala lugha; linajua chakula na maji tu. Vijiji viwili vilivyo mbali, vikikaa juu ya mawe ya namna moja, vitatoa hesabu moja. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu huweza kusema, "Huyu hakukulia hapa," lakini ni shida kwake kusema, "Alikulia pale." Tena watoto wa Eulau, wenye mama kutoka kwingine, wote walipimwa kuwa wa pale pale.

Mtoto aliyezaliwa wazazi wake wakiwa wamekimbia, akinywa maji ya mahali walipofikia na kula mihogo ya huko, meno yake yatamwita mwenyeji wa huko, hata kama babu yake hakupata kupaona. Na yule anayelelewa kambini kwa unga wa msaada uliolimwa ng'ambo, jino lake litachanganya udongo wa nchi mbili au tatu, na mtaalamu atakayelichimbua baada ya miaka elfu atapata taabu kubwa kumtafutia kijiji.