Simu ya Upepo katika Nchi ya Iramba

Neno simu limetokana na Kiajemi, na maana yake ya asili ni uzi wa madini. Kwa hiyo waliosema "simu ya upepo" walitaja waya usio waya. Lugha ilinyumbuka ili ipokee chombo kipya.

Chombo hicho ndicho kilichotangulia nguzo za umeme katika vijiji vya bara, kama vile vya Ulemo, Wilaya ya Iramba, Mkoani Singida. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Na transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyoiwezesha redio kunena kwa betri ndogo za tochi.

Walakini redio husema, wala haisikii. Upungufu huo ulitafutiwa dawa mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikutana kwa vikundi, wakasikiliza, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Simu ya mkononi ilileta uwezo wa kujibu papo hapo. Sheria ya mwaka 2006 ikaunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili mawasiliano yafike hata mahali pasipo na faida ya biashara. Na mnara ulio mbali na umeme huweza kuendeshwa kwa nguvu za jua.

Hivyo mkulima wa alizeti aweza kuuliza bei peke yake. Lakini choo cha mwaka 1973 kilichimbwa kwa shauri la wengi, na shauri hilo halikuletwa na upepo; lilifanywa na watu waliokaa pamoja.