Nani aliyewalisha wachoraji wa Katanga?

Kuna wanaosema mtu mwenye njaa hawezi kuchora, kwamba sanaa ni mambo ya walioshiba. Historia ya Katanga inawapa haki kidogo, lakini si yote.

Mwaka wa 1926, huko Bukama, mtumishi wa serikali ya kikoloni Georges Thiry alivutiwa na picha zilizopakwa kwenye kuta za nyumba za udongo. Aliyezipaka ni Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Wakati huo hakuna aliyemlipa kupaka kuta, na mvua ilikuwa inafuta kazi yake. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Huko Kasai alifanya vilevile na Djilatendo, fundi wa kushona nguo. Mwaka wa 1929 picha za Lubaki zikaonyeshwa Brussels. Lakini karatasi, rangi na soko vyote vilipitia mikononi mwa Wabelgiji wachache, na uhusiano huo ulipokatika katika miaka ya 1930, habari za wachoraji hao wawili zikapotea.

Mwaka wa 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Watu waliiita Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Kila mmoja akapata njia yake: Bela alichora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi mingi, Pilipili Mulongoy akawajaza ndege, samaki na nyoka. Walikuwa na mahali pa kufanyia kazi na vifaa, na hilo liliwapa nafasi kubwa. Ila wanunuzi wengi walikuwa Wazungu, na hao walipenda wanyama na pori. Migodi, jela na kodi ya mkoloni ni vigumu kuviona katika picha hizo. Desfossés alikufa mwaka wa 1954, na Hangar haikudumu bila yeye.

Picha za mambo hayo zilikuja baadaye, na hapo mnunuzi alikuwa jirani. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wafanyakazi wa migodi, wa reli na wa ofisi walinunua picha za kutundika sebuleni. Zilichorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa mshahara aliweza kulipa. Mmoja alitaka Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki anayesemekana kuleta utajiri. Mwingine alitaka "Colonie belge", mfungwa akipigwa fimbo mbele ya Mbelgiji, au alitaka Lumumba. Wachoraji wenyewe hawakuwa na mshahara. Waliishi kwa mshahara wa wengine.

Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka wa 1947, na alijiona kuwa mwanahistoria kuliko mchoraji tu. Lakini mteja wa mtaani hununua picha moja au mbili, hanunui historia ya nchi nzima. Mwishoni mwa 1973 alikutana na Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Sasa alikuwa na mnunuzi wa kutegemea kwa miezi kadhaa. Akachora historia ya Zaire, tangu wazee wa kale hadi Mobutu, na kuieleza kwa Kiswahili cha Shaba picha baada ya picha. Zilifika 101. Utajiri hakuupata. Alichopata ni uhakika wa kuuza picha ya kesho.

Muda si mrefu bei ya shaba ikaanguka, kisha vita vya Shaba vikaja mwaka wa 1977 na 1978. Mshahara ukipungua, picha ya sebuleni ndiyo kitu cha kwanza kuachwa. Familia zilizokimbia vita zinalielewa hili bila kufundishwa: fundi aliyeacha cherehani yake Masisi bado ana ujuzi wake mikononi, ila wateja wametawanyika kambini kama yeye, bila pesa.

Tangu mwaka wa 1981 hakuna habari za uhakika za Tshibumba. Picha zake za historia zimo katika jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi, mbali na sebule za Lubumbashi.