Ibn Sina na Maumivu ya Mgongo

Mzee wa nyumbani akishikwa na mgongo, neno la kwanza tumwambialo ni, "Lala, usijitikise." Twasema kwa huruma. Lakini siku zikipita naye yu kitandani, miguu hulegea, hata kwenda kutawadha akahitaji wa kumshika mkono.

Tabibu Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufa Hamadan mwaka 1037, hakuanzia huko. Katika Al-Qanun fit-Tibb, alipoeleza namna ya kuhifadhi afya, alitanguliza mazoezi ya viungo, kisha chakula, kisha usingizi. Wala mazoezi kwake si mieleka na mbio tu: aliye dhaifu amemtajia kubembea, na kupanda mashua pia ameihesabu. (Basi sisi watu wa pwani twajitibu bila ya kujua!) Na mpaka wa mazoezi ameuweka katika mwili wenyewe: madamu rangi ni nzuri na viungo ni vyepesi, endelea, hali hiyo ikianza kupungua, acha.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, kikasomeshwa Ulaya miaka mingi. Hata hivyo, katika karne ya 20 madaktari wengi walikuwa wakimlaza mgonjwa wa mgongo wiki nzima na zaidi.

Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mtibabu wa viungo Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye maumivu yalimteremka toka mgongoni hadi gotini. Wiki tatu hakupata nafuu. Siku moja aliambiwa aingie chumbani alale kifudifudi. Kumbe kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande mmoja kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia! Akalala vivyo hivyo, kifua juu, kiuno kimebonyea. McKenzie aliporudi alishtuka. Yule bwana akamwambia mguu umepoa.

Tangu hapo McKenzie akawa akijaribu mikao na wagonjwa wake, akapata kipimo chake: maumivu yakitoka mguuni kurudi katikati ya mgongo, mkao huo wafaa, yakizidi kuteremka, uachwe. Wengine kuinama ndiko kuwafaako.

Basi mzee wako akiweza, alale kifudifudi dakika chache, kisha ajiinue kwa viwiko, nanyi mkimwuliza maumivu yaelekea wapi. Lakini akifa ganzi mapajani, au akishindwa kuzuia haja, au ikiwa ameanguka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.