Hiyo pikipiki mnayoita "China"

Wiki mbili sasa injini ya pikipiki ya baba imelala juu ya gunia hapa kwetu Kaptembwo, na kila jirani akipita ananiambia, "Uza skrepa, hiyo ni China tu." Najua vile mnafikiria. Kijana ameacha chuo mwaka wa pili, sasa kazi ni kufungua nati. Sawa. Lakini kwa hiyo "China" mmekosea.

Nilipotoa kichwa cha injini nilichukua kalipa nikapima. Silinda ina upana wa milimita 62. Nikazungusha kranki polepole: pistoni inasafiri milimita 49.5. Hiyo 49.5 iwekeni akilini.

Mwaka wa 1976 Honda walitoa pikipiki inaitwa CG125. Walikuwa wameona 125 zao za awali zikifa mapema kwenye nchi ambazo watu wanabeba mizigo mizito na oili inabadilishwa siku pesa ikipatikana. Kemshafti ya hizo ilikuwa juu, mbali na oili, na inazungushwa na cheni. Sasa hawa jamaa badala ya kutulaumu, walibadilisha injini. Kemshafti wakaishusha chini, ikawa inasukuma valvu kwa vijiti viwili vya chuma. Cheni ya taimingi ikaisha. Upana wa silinda ulikuwa 56.5. Safari ya pistoni? 49.5.

Viwanda vya China vilichukua muundo huo, vikapanua silinda hadi 62, ikawa 150. Safari ya pistoni hawakugusa. Kwa hivyo hiyo takataka yenu ni mjukuu wa Honda, na babu yake alichorwa kwa ajili ya mtu asiye na pesa ya sevisi. Yaani sisi.

Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, mwishoni mwa miaka ya 2000, zikajaa kila steji, kutoka Njoro hadi Naivasha. Baba alinunua yake baada ya vurugu za 2008 kummalizia biashara ya mitumba. Imenilipia karo hadi kidato cha nne, na muda wote huo imetengenezwa kando ya barabara na mafundi ambao hawajawahi kushika kitabu cha Honda. Walijifunza kwa kufungua, kwa sababu inafunguka. Spana chache, nyundo, mtu wa kukushikia tochi.

Ndiyo maana hizi za umeme zinanipa wasiwasi kidogo. Sipingi, bei ya petroli tunaijua. Lakini betri ikiwa imefungwa na ni mali ya kampuni, wewe unabadilishiwa tu, yule fundi wa kando ya barabara atafungua nini? Atajifunzia wapi? Mpango wa kitaifa ulizinduliwa 2023 na hilo swali sijasikia likijibiwa.

Tangu niache chuo baba hajaniongelesha sana. Jana usiku nikiwa naweka ringi mpya alitoka nje, akasimama, akachuchumaa.

"Hizo midomo za ringi usizipange laini moja, itakula oili."

Akazizungusha mwenyewe, moja moja, halafu akauliza gasketi nimenunua pesa ngapi. Nikamwambia. Akasema nimeibiwa.