Kabla ya kaunsela kulikuwa na kilumi

Mwaka wa pili chuoni Nairobi nilikaa mbele ya kaunsela akaniuliza, "Unajisikiaje?" Manze, nilikosa jibu. Nikamwambia mgongo unauma na usingizi hauji. Akaandika kitu, akanipa tarehe nyingine. Sikurudi.

Likizo nikaenda nyumbani Migwani, nikamweleza susu, yaani nyanya yangu. Yeye hakuuliza najisikiaje. Aliuliza ninakula nini, nani amenikosea, na kama nilimlilia baba vizuri. Hilo la mwisho ndilo lilinimaliza. Nililia jikoni mpaka muthokoi ukashikana na sufuria.

Ni yeye aliyenitajia kilumi, nami nikaanza kusoma. Kilumi ni ngoma ya kina mama wa Ukambani, ya kuomba mvua na pia ya kuponya. Mwanamke ameacha kula, halali, anatetemeka: mundu mue, yaani mganga, anasema ameshikwa na roho. Ngoma zinapigwa, anacheza mpaka roho inaongea kwa mdomo wake. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyekuwa Ukambani karibu mwaka 1911, aliandika kwamba roho hizo zilidai vitu, na jamaa walilazimika kuvitoa. Ona hiyo akili. Si mimi ninayetaka nguo mpya, ni roho inataka. Mume atabishana na roho?

Mwili, familia na wazee waliokufa, wote kwenye kikao kimoja. Lakini tusidanganyane kwamba zamani kulikuwa raha. Mama huyo alibidi augue kwanza ndio asikilizwe.

Sasa njoo Mathari, Nairobi, hospitali iliyofunguliwa 1910. Mwaka 1938 ilikabidhiwa daktari Mwingereza, J.C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliangalia wagonjwa walioletwa, akahitimisha kwamba depresheni ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata akaandikia serikali ripoti ya saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba kudai shamba lako ni ugonjwa. Hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Fikiria: Mathari ya wakati huo ilipokea nani? Mara nyingi ni aliyezua fujo barabarani akaletwa na polisi. Mama aliyenyamaza Migwani miaka miwili, ni askari gani angemkamata? Carothers alihesabu kelele akadhani amehesabu huzuni.

Kwa hivyo ukisikia mjomba akisema depresheni ni ya wazungu, mwambie pole pole, kwa heshima, kwamba maneno hayo aliyaandika mzungu.

Miaka ya 2010, Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake wa Africa Mental Health Foundation waliwafundisha wahudumu wa kliniki, waganga wa kienyeji na wahubiri kutambua depresheni, ili mgonjwa asivutwe huku na huku. Ilichukua muda mrefu kweli, lakini angalau sasa mganga na nesi wanaongea.

Mimi nilipata kaunsela mwingine. Safari hii nilianza na baba, mgongo baadaye. Susu aliuliza kama kaunsela ana ngoma. Nikamwambia ana boksi la tishu tu. Akanihurumia.